Kutoka Kibokoni hadi Gede: Mimea Yenye Sumu Tunayoishi Nayo

Bustani za Mji wa Kale wa Mombasa hazipo chini, zipo juu. Nyumba za Kibokoni zimekaribiana hata majirani huweza kupeana sahani ya mahamri dirisha kwa dirisha, na ardhi ya kupanda haikubaki. Basi mama zetu wameipandisha bustani ghorofani, kwenye vibaraza vya mbao na juu ya sakafu za paa, ndani ya mikebe ya samli, ndoo za rangi na masufuria yaliyotoboka. Humo mna asumini, mna mrehani, mna nanaa ya kutilia chai. Na katika miaka ya karibuni wameongezeka wageni kutoka kwa wauza miche wa kando ya barabara, ambao tumewapokea kwa uzuri wao bila kuwauliza nasaba.

Safari tunayoisimulia hapa ilitokana na barua ya msomaji wetu mmoja wa Kisauni. Wajukuu zake watatu, mkubwa wao akiwa na umri wa miaka minane, walipita njia ya mkato wakitoka chuoni. Wakachuma matunda kwenye ua wa watu, wakayapasua na kutafuna kokwa zake, ambazo walizikuta tamu, zina ladha ya njugu. Haikupita saa nyingi wakaanza kutapika, kisha kuharisha, na nyumba nzima ikakesha. Bibi yao aliwakimbiza hospitalini, akasema kuwa watoto wamekula mbono. Muuguzi akamuuliza, "Mbono upi, bibi?" Naye akanyamaza, kwani kwake yeye mbono ni mbono. Watoto walipona, alhamdulillahi, lakini swali lile halikumtoka moyoni, akatuandikia kutuuliza sisi.

Tuliona kwamba jibu la mezani halitoshi. Tukakodi gari la siku moja, wanawake wanne wa jarida hili, tukamwomba atusindikize bibi mmoja aliyesomesha elimu ya viumbe katika shule za sekondari kwa miaka mingi. Hakupenda jina lake liandikwe, kwa hiyo tutamwita Mwalimu, kama tulivyomwita njia nzima.

Hatukuwa tumetoka hata Kibokoni alipoanza kutusomesha. Katika ghorofa ya tatu ya nyumba ya mwenzetu mmoja, karibu kabisa na kitanda cha mtoto, palikuwa na chungu kizuri chenye mmea wa majani mapana, ya kijani yenye mabaka meupe. Wauza miche huuita difenbakia, na siku hizi hakuna sebule wala ofisi isiyokuwa nao. Mwalimu alitueleza kwamba jani na shina lake vimejaa fuwele ndogo mno zenye umbo la sindano. Mtoto akilitafuna jani, sindano hizo humchoma ulimi na kinywa, mate yakamtiririka, ulimi ukavimba hata akashindwa kusema. Aghalabu uvimbe huo hupungua wenyewe, ila ukiteremka kooni pumzi huweza kuzuilika. Kina mama wanaopika majimbi wanaijua sumu hii bila kuijua: jimbi lisiloiva vyema huwasha koo kwa sababu ya sindano zizo hizo, na ndiyo maana bibi zetu hawakuwa na haraka na chungu cha majimbi. Mwenzetu alikihamishia kile chungu juu ya kabati. Mwalimu akamwambia kabati halitoshi, kwa kuwa jani likikauka huanguka chini, na chini ndiko aliko mtoto.

Chini ya ngazi, kwenye kiwanja kilichobomolewa nyumba na kuachwa, tulikutana na mmea wa pili. Unapenda majaa, vifusi na kando za mazizi. Ua lake ni refu mfano wa tarumbeta, jeupe au lenye rangi ya zambarau, na tunda lake ni la mviringo, kadiri ya ndimu, lenye miiba pande zote. Huu ndio mnanaha. Hebu msomaji alisome jina hilo kwa sauti, kisha aseme mnanaa, mti wa nanaa. Tofauti ni herufi moja tu, nayo ni herufi ambayo ulimi wa mtu mwenye haraka huimeza. Tunataja jambo hili kwa sababu maelekezo ya dawa za kienyeji siku hizi hupitishwa kwa simu, kwa sauti iliyorekodiwa, kutoka kwa shangazi hadi kwa mpwa na kutoka kwa mpwa hadi kwa mtu ambaye hajauona mmea wenyewe maishani mwake.

Mnanaha una sumu kuanzia mzizi hadi mbegu. Aliyeula hukauka kinywa, macho yake huwa meusi kwa mboni kupanuka, mwili humwaka moto bila jasho, moyo humwenda mbio, kisha akili humpotea: akaanza kuzungumza na wasiokuwapo na kuokota hewani vitu visivyoonekana. Katika mitaa yetu mtu wa hali hiyo hudhaniwa kwa wepesi kuwa amepagawa, akafukizwa ubani na kusomewa huku saa zikipita. Sisi hatuna neno na kisomo. Tunasema tu kwamba anaweza kusomewa garini akipelekwa hospitali.

Wala isidhaniwe kuwa ni sumu ya wanaoitafuta. Mwezi wa Machi 2019, katika eneo la Karamoja nchini Uganda, chakula cha msaada kilichogawiwa watu kilikutwa kimechanganyika na sumu ya mmea huu, na zaidi ya watu 200 wakaugua, baadhi yao wakafariki. Mnanaha huota katikati ya mazao, nazo mbegu zake ndogo zikavunwa na kusagwa pamoja nayo. Tuliposikia habari hiyo tulimkumbuka kila bibi tuliyepata kumwona kakaa mkekani, uteo mapajani, anapeta na kuchambua nafaka punje kwa punje ilhali sisi tunamhimiza kuwa chakula kitachelewa.

Tulivuka daraja la Nyali jua likiwa limeanza kuwa kali. Upande ule bustani ziko chini na zina nafasi, na huko mmea unaotawala nyua ni oleanda: majani membamba marefu, maua mekundu, ya waridi au meupe, hauhitaji maji mengi wala haupungui uzuri mwaka mzima. Wenye asili ya Arabuni huuita difla. Wanaoupanda huusifu kwa kuwa mbuzi hawaugusi, na sifa hiyo ndiyo ingewafanya wauulize maswali. Kila sehemu yake ina sumu inayoshika moyo na kuuvuruga mapigo: jani, ua, gome, hata maji ya chombo yalimotiwa maua yake. Moshi wake nao haufai kuvutwa, kwa hiyo matawi yaliyokatwa yasitiwe jikoni, wala kijiti chake kisichongwe kuwa cha mishkaki siku ambayo vijiti vimekwisha na wageni wako mlangoni. Dada yake mwenye maua ya manjano ya mfano wa kengele yuko vivyo hivyo, na yeye ana hatari zaidi kwa watoto, maana kokwa lake gumu huwapendeza kuchezea. Na ule mmea wa shina lililovimba, unaoitwa waridi la jangwani na kuuzwa kwa bei kubwa, ni wa jamaa hiyo hiyo. Hatukumwambia mtu yeyote wa Nyali aung'oe ua wake. Tulimwambia mtunza bustani mmoja, mzee tuliyemkuta akipogoa kwa mikono mitupu na kujifuta jasho usoni kwa kiganja, kwamba anawe kabla ya kula. Akajibu kwamba mkono wake wa kulia huwa mchungu siku nzima anapoukata mti huo, naye hakuwahi kuambiwa sababu.

Kisauni tulimkuta bibi wa barua ametungoja na chai. Tulimwamkia shikamoo, akatuitikia marahaba, na kabla hatujaimaliza chai alitutoa nje kutuonyesha ule ua. Mwalimu alikuwa ameshachuma tawi jingine njiani, akaliweka kando ya tawi la pale, na hapo jambo likawa wazi.

Mbono wa kwanza, ambao wengine huuita mbarika, ndio unaotoa mafuta ya kutia kwenye nywele na ya kufungua tumbo. Jani lake ni kubwa, limegawanyika mfano wa kiganja kilichokunjuliwa vidole, na tunda lake lina miiba laini. Mbegu zake zina madoadoa ya kahawia na kijivu zikang'aa kama kupe aliyeshiba. Warumi wa kale waliupa mmea huo jina lilo hilo la kupe. Mbono wa pili ni mbono kaburi, ambao hupandwa kuwa ua na kuonekana kando ya makaburi. Jani lake lina umbo la moyo, pembe zake hazikuingia ndani sana, tunda ni laini lisilo na mwiba, nayo mbegu ni nyeusi tupu.

Mbono kaburi ndio uliowapata wale watoto. Huchafua tumbo vibaya, mtoto akapoteza maji mengi, lakini aliyewahiwa na kurudishiwa maji aghalabu hupona. Mbono wa mafuta ni habari nyingine. Ndani ya mbegu yake mna sumu iitwayo risini, ambayo haina dawa ya kuipinga. Mbegu iliyomezwa nzima huenda ikapita bila kudhuru kwa ugumu wa ganda lake. Iliyotafunwa ndiyo inayoua, tena huweza kukawia saa nyingi kabla ya kuonyesha dalili, mtoto akiwa anacheza na mama akiwa amekwisha kutulia. Mafuta yenyewe hayana risini, kwa kuwa haiingii kwenye mafuta. Hubaki kwenye mashudu, na anayekamua nyumbani kisha akawamwagia kuku mashudu hayo mabichi asije akamtafuta mchawi.

Bibi alisikiliza yote, kisha akasema maneno ambayo tumeyaandika kama alivyoyatamka: "Basi yule muuguzi alikuwa na haki ya kuuliza, nami nilikasirika bure." Aliingia ndani akarudi na panga. Mwalimu akamzuia kwa adabu, akamwambia kwanza avae glavu, na kwamba kuni za ua ule asizipeleke jikoni.

Kwa kuwa alimwomba ampe maelezo anayoweza kuyashika, Mwalimu alimpa haya, nasi tunayaleta kwenu. Mtoto aliyekula mmea asitapishwe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Atolewe mabaki kinywani, asukutue kwa maji. Tawi la mmea wenyewe, lenye jani na tunda, likatwe na kutiwa mfukoni, kwani jina hubadilika toka kijiji hadi kijiji bali tawi halibadiliki. Saa aliyokula na kiasi alichokula vikumbukwe. Utomvu ukiingia machoni, maji safi yamiminwe kwa robo saa kamili, si kwa kuchovya kidole. Kisha hospitali, hata kama mtoto anacheka.

Barabara ya kutoka Mtwapa kwenda Kilifi tuliipita kwa upesi. Mwalimu alitaja majina kupitia dirishani, nasi tukaandika: mnyaa, ule ua wa vijiti vya kijani visivyo na majani, ambao maziwa yake huunguza jicho, upupu, ambao hauhitaji kuelezwa kwa yeyote aliyesoma shule ya bweni, mkanju, ambao bibo na korosho yake ni riziki njema, lakini mafuta ya ganda la korosho hubabua ngozi, na moshi wa wanaozichoma uwanjani usiwafikie watoto. Mwarobaini tuliuona kila mahali. Wazee wa pwani huuita pia mkilifi, nasi tukacheka kuuona mkilifi ukiwa Kilifi. Mwalimu hakucheka. Mafuta ya mbegu zake, alisema, yamewahi kuwadhuru watoto wachanga vibaya sana waliponyweshwa kwa nia ya kutibiwa, hata kijiko kidogo. Jani la kuogea ni jambo moja, na mafuta ya kumnywesha mtoto wa miezi mitatu ni jambo jingine kabisa.

Gede ni mji wa Waislamu waliotutangulia, uliohamwa katika karne ya 17 na kubaki mikononi mwa msitu. James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, na katika vitu vilivyopatikana mna vyombo vya Kichina na shanga za kioo. Tuliswali Adhuhuri, tukapumzika kivulini karibu na ukuta wa msikiti wa Ijumaa, na hapo mmoja wetu akaziona shanga nyingine, zilizo hai. Kwenye kichaka nje ya magofu ulitambaa mturituri, maganda yake yamekauka na kujikunja, mbegu zikachungulia: nyekundu ya moto, na doa jeusi kichwani. Nani katika sisi hakuzichezea? Watu huzitunga kwa uzi, hutengeneza bangili na hata nyuzi za kuhesabia dua, ndiyo sababu jina lake la Kilatini limebeba neno la maombi. Tena Wahindi walizifanya kipimo cha dhahabu, kwa kuwa mbegu zake hukaribiana sana kwa uzito. Kipimo hicho ni ratti. Ratti 8 ni masha moja, na masha 12 ni tola, ile tola ambayo kwayo bibi zetu walinunuliwa mikufu yao na masonara. Mbegu hiyo ya mizani ya dhahabu ndani yake ina sumu iliyo ndugu wa risini, nayo ni kali zaidi. Ganda gumu ndilo linalotulinda. Anayelitoboa ili apitishe uzi ameufungua mlango, na mtoto anayenyonya bangili amekwisha kuingia. Tunawaomba kina mama wanaonunua mapambo ya mbegu kwa watalii na kwa wachuuzi wa ufuoni wayaangalie tena leo.

Ndani ya eneo la Gede upo pia mradi wa Kipepeo, ambao tangu mwaka 1993 umewapa wanavijiji wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke njia ya kupata riziki kwa kufuga vipepeo. Mwalimu alitufundisha hapo juu ya kipepeo wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi na nyeupe, yule arukaye polepole kama asiyemwogopa mtu. Alipokuwa kiwavi alikula mimea yenye maziwa ya sumu, akaihifadhi sumu hiyo mwilini, na ndege aliyemwonja mara moja hamrudii. Ukarimu wa Muumba kwa mdudu mdogo ulitunyamazisha kidogo.

Mwisho wa safari yetu ulikuwa ukingo wa Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba zipatazo 420. Humu na katika nyika za nyuma yake Wagiriama na Wawaata walitengeneza utsungu, sumu ya mishale, kwa kuchemsha miti ya aina moja saa nyingi hata ikabaki nzito na nyeusi kama lami. Wawaata waliwaangusha tembo kwa upinde na sumu hiyo. Wasomali nao walikuwa na yao, waabaayo, na kwa jina hilo Mfaransa Arnaud aliita kiini alichokitenga mwaka 1888, kinachojulikana hadi leo na matabibu kwa jina la wabaini. Upo pia mmea wa kombe, jamaa wa huo, ambao Dakta John Kirk, yule aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Unguja, aliukuta katika msafara wa Livingstone huko Zambezi. Mswaki wake uligusana mfukoni na sumu ya kombe. Alipopiga mswaki alihisi uchungu, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Kutokana na mmea huo madaktari wakapata dawa ya moyo. Oleanda ya Nyali, waridi la jangwani, utsungu na kombe, wote ni wa jamaa moja.

Pembezoni mwa njia ulichanua mkalamu, ua la ndimi za moto nyekundu na manjano, ambalo kila mmoja wetu alitaka kulichuma. Kiazi chake kilicho chini ya udongo hufanana na kiazi kitamu, na kimewaua watu walioona njaa na kukichimba.

Huko ndiko tulikomkuta mama mmoja wa Kigiriama shambani mwake, akitupa maganda ya muhogo shimoni, mbali na mbuzi. Tulimuuliza kama muhogo wake ni mtamu. Alituonyesha: mistari ya karibu na nyumba ni mtamu, ya mpakani ni mchungu, kwa kuwa nguruwe mwitu na nyani wakionja ule wa mpakani hawaendelei ndani. Mchungu humenywa, ukalowekwa siku kadhaa, ukaanikwa ukakauka, ndipo ukasagwa. Mwalimu akatusimulia kwamba pale ukame au vita vilipowalazimisha watu kufupisha siku hizo, kama ilivyotokea Nampula nchini Msumbiji mwaka 1981, zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu, wengi wao watoto na wanawake, na ugonjwa huo haurudi nyuma. Yule mama alisikiliza huku akiendelea kumenya. "Nyanya yangu alikuwa akihesabu siku kwa vijiti," alisema. "Mimi nina simu, nahesabu kwa simu." Tukanunua kwake muhogo wa mistari ya karibu na nyumba, vipande kumi na viwili, naye akakata ncha ya kila kimoja akaionja kwanza mwenyewe kabla ya kututilia kapuni.